Mke wa Mlinzi wa Daraja

Tarehe kumi na moja mwezi wa tano mume wangu alikufa barabarani Kalerwe, hapa Kampala, karibu na soko. Alikuwa amekwenda kumwona mteja aliyetaka bawaba za milango. Wakati anavuka, boda boda ikamgonga, akaangukia upande ambako gari lilikuwa linakuja. Waliomwinua walikuwa wengi, na mmoja wao alichukua simu yake. Pochi ilirudi, viatu vilirudi, kofia yake ilirudi imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Simu haikurudi.

Siku za kwanza sikuiwaza simu. Nyumba ilijaa watu, na watu wakiwa wengi unakuwa kama unafanya kazi: unapokea pole, unajibu, unapokea nyingine. Walipopungua ndipo nilipotaka kumsikia, nikagundua sina pa kumsikia. Mimi natumia simu ya vibonye, ya kupiga na kupokea tu. Sauti alizowahi kutuma alizituma kwa wateja, kuhusu misumari, na wateja hawaweki mambo kama hayo. Mkanda wa harusi yetu upo, lakini aliyeutengeneza alifunika kila kitu kwa nyimbo. Mume wangu anaonekana akifungua mdomo, akimwambia mtu jambo, mtu anacheka, na kinachosikika ni ngoma.

Mungu hakutupa watoto. Nyumba ilikuwa na sauti mbili, na ya kwangu si ya kusema sana.

Alikuwa na duka Mengo, dogo, la misumari, bawaba, kufuli na rangi za makopo. Ukoo wao umekaa mjini hapa tangu mababu walipokuja na biashara kutoka pwani, na nyumbani kwao walisema Kiswahili siku zote. Majirani wa dukani walimwita Mswahili, kwa utani, kana kwamba alishuka jana. Yeye naye aliwajibu kwa Luganda safi kuliko chao, wakacheka, wakanunua.

Alikuwa akisoma. Katikati ya wateja alisoma, na mteja akija alikiweka kitabu kifudifudi juu ya sanduku la misumari, kwa hiyo vitabu vyote alivyorudisha maktaba vilikuwa na vumbi la kutu. Maktaba yenyewe ni ndogo, vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la vitambaa, si mbali na pale. Alijiunga nayo kabla hatujaoana. Alipenda vitabu vya mwandishi mmoja, mwanamke wa ng'ambo, maarufu sana, anayeandika habari za nchi ambazo hazipo. Ni vitabu vinene. Kimoja kingeweza kuzuia mlango usifungwe na upepo, na mimi niliwahi kukitumia hivyo, akanikuta.

“Bi mkubwa,” akasema, “huyu mama kaandika miaka minne, wewe unamfanya jiwe.”

Aliniita bi mkubwa ingawa hakuwa na mke mwingine. Watu wakimuuliza bi mdogo yuko wapi, alisema bado anamtafuta, lakini bi mkubwa hajampa ruhusa ya kutoka.

Mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza changu ni cha dukani na cha hospitali: nasikia kikisemwa polepole, nasoma kibao, nasoma maelezo ya dawa. Kitabu kizima, hapana. Kwa hiyo jioni alipofunga duka alikaa kwenye kreti ya soda iliyopinduliwa, pale jikoni, mimi nikimenya au nikisukuma chapati, akanisimulia kwa Kiswahili alichosoma mchana. Miaka yote ya ndoa yetu tulifanya hivyo. Sikuwahi kufungua hata kimoja cha vitabu vile, lakini nilivijua.

Hadithi niliyoipenda ni ya nchi ambayo mito yake inahama. Watu wanalala mto ukiwa hapa, wanaamka umekwenda zake, na wao wanafunga mizigo wanaufuata. Katika mji mmoja alikuwapo mlinzi wa daraja. Mto ulipohama watu wote waliondoka, yeye akabaki. Amri aliyopewa ilikuwa kulinda daraja, na daraja lilikuwa bado lipo. Akalilinda, na chini yake mchanga mtupu.

Mlinzi huyo alikuwa na mke. Mke ndiye niliyempenda. Kila siku alipanda darajani na chakula kwenye bakuli, amefunika na sahani, akamtukana mumewe hadi chakula kikapoa. “Mto umekwenda, majirani wamekwenda, hata mbu wamekwenda, wewe unalinda hewa! Mwizi akija ataiba nini, kivuli?” Mlinzi akala, akanyamaza. Mke akachukua bakuli, akashuka, na kesho akarudi.

Nikawa namuuliza mume wangu kila jioni, hata kabla hajavua viatu, “Na leo mke wake kasema nini?”

Wakati mwingine nilishangaa. Nilipounguza maharage, wiki ileile mke wa mlinzi naye akapeleka maharage yaliyoungua, akasema kosa ni la mlinzi, kwa kuwa yeye mpishi alikuwa anawaza upumbavu wake. Ndivyo nilivyokuwa nimesema mimi. Nikamwambia mume wangu, “Huyu mwandishi wako ni mtu mzima. Anayajua ya nyumbani.” Akasema ndiyo, anayajua sana.

Mwaka huu maktaba yetu ilipewa nafasi katika jioni moja na mwandishi huyo. Asingekuja Kampala. Ilikuwa jioni ya mtandaoni, maktaba za nchi nyingi kwa pamoja, yeye amekaa kwake na wasomaji kila mtu kwenye simu au kompyuta yake. Kila maktaba iliambiwa ikusanye maswali machache. Mtandao wa huku ukianza kukatika haujali nani anazungumza, kwa hiyo msomaji alitakiwa ajirekodi mapema, aitume sauti yake kwenye simu ya maktaba, na siku yenyewe sauti hiyo ingewekwa watu wote waisikie. Mume wangu alirekodi yake nyumbani. Alituma. Baada ya hapo akafa.

Haya sikuyajua mpaka mkutubi alipokuja kunipa pole. Ni mwanamke wa makamo, Muganda, ana Kiswahili alichojifunza mtaani, huniita nyabo, yaani mama kwa Luganda, na siku ile alitafuta Kiswahili chote alichokuwa nacho.

“Nyabo, pole sana. Mzee alituma swali yake. Iko kwa simu yetu. Siku ile utamsikia. Dunia yote itamsikia.”

Nilimwomba anitumie hiyo sauti, kwenye simu ya wifi yangu. Akasema sawa, ataitafuta, siku zile maswali yalikuwa mengi na simu ilikuwa inazunguka. Sikumsumbua tena. Nilidhani kitu kikishatumwa kipo. Na nitasema kweli, lile neno la dunia yote lilinikaa moyoni. Nilitaka asikike na watu, kisha nimsikie mimi.

Nilikuwa ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki ovyo, hajipambi, hajitii manukato. Nisingeweza kupanda ngazi za maktaba kwenda kuuliza. Lakini jioni ile ilikuwa ya kwenye simu, na simu ingekuja mpaka mkekani.

Simu ilikuwa ya wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Alikuja kutoka Jinja kukaa nami, na tangu aje alikuwa ameshika nyumba kama askari wa geti. Nilimweleza nikitazama chini.

“Wifi, wewe uko ndani ya eda.”

“Najua.”

“Basi eda si ya kukaa na Wazungu.”

“Sitakaa nao. Watakuwa kwao.”

“Na huyo mwanamke anaandika majini.”

“Hakuna majini. Kuna mto unahama usiku.”

“Mto unaotembea usiku ni jini, wifi. Ungekuwa mto wa kawaida ungelala.” Akavuta mtandio wake. “Kaka yangu alikuwa na akili mpaka alipoanza hivyo vitabu.”

“Alivianza kabla hajanioa.”

“Ndiyo maana akakuoa.”

Nilimwacha amalize kufurahi. Kisha nikasema kwamba mwalimu wa madrasa nimemuuliza, na amesema kusikiliza si kutoka.

“Mwalimu yule huruhusu kila kitu isipokuwa kuchelewesha chakula.”

“Wifi,” nikasema, “wataweka sauti yake. Yeye mwenyewe, anauliza swali.”

Alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

“Sauti yake?”

“Yake.”

Akachambua tena, punje chache, bila kutazama.

“Ni saa ngapi?” akauliza.

Siku ya jioni ile wifi alifagia chumba mara mbili. Tuliswali magharibi, akaegemeza simu kwenye kopo la maziwa juu ya stuli, akachomeka chaja, akafunga dirisha ili kelele za boda boda zisiingie. Kisha akaenda kubadili mtandio, akavaa ule wa Idi.

“Kwani wanatuona?” akauliza.

“Kamera imefungwa.”

“Hata hivyo.”

Kwenye simu yake alikuwa ameweka picha ya mawaridi, na mahali pa jina aliandika Subhanallah. Tulipoingia, mwanamume aliyekuwa akiendesha mambo, kijana wa ng'ambo mwenye miwani, alikuwa anasoma majina ya waliofika ili kuwakaribisha. Akafika kwetu, akalisoma kwa shida, akasema karibu, Subhanallah wa Kampala. Wifi akajibu, “Asante, mwanangu,” kwa sauti ya kumfikia mtu aliye barabarani.

Mwandishi alikuwa mzee. Nywele nyeupe, fupi, sweta la rangi ya majani makavu, kikombe mkononi. Dirisha la nyuma yake lilikuwa na mwanga wa mchana, na kwetu ilikuwa giza tayari. Wifi alimtazama muda mrefu.

“Mbona mtu wa kawaida,” akasema.

Mwandishi alisoma ukurasa mmoja wa kitabu chake. Alisoma polepole, na nikamfuata. Ilikuwa habari ya daraja. Nilishtuka kwa furaha, kwa sababu nililijua, nililijua jiwe la tatu lililolegea na ngazi za upande wa mashariki. Nikamwambia wifi, “Ndilo hilo. Huyo ndiye mlinzi.” Mlinzi akafungua kitambaa, akatoa mkate, akala, akatazama mchanga. Nikangoja mke apande. Mlinzi akakunja kitambaa chake mwenyewe, akafukuza ndege mmoja kwenye ukuta, akawasha taa. Ukurasa ukaisha. Watu wakatuma alama za makofi.

Niliwaza kwamba labda siku hiyo mke alikuwa mgonjwa.

Maswali yakaanza. Swali la kwanza lilitoka nchi ya baridi, na yule kijana wa miwani akalisoma mwenyewe kwenye karatasi. La pili nalo akalisoma. Sikutilia maanani, nilidhani wale hawakutuma sauti. Wifi alikuwa ameshika tasbihi lakini haihesabu. Picha ikaganda, mwandishi akabaki mdomo wazi, kikombe hewani, na sisi tukabaki tunamtazama. Wifi akaiambia simu, “Ee, usitufanyie hivyo.” Ikarudi.

Ndipo kijana akasema Kampala.

Wifi akanishika mkono wa nguo. Kijana akataja jina la mume wangu, akalivunja katikati, akalitaja tena. Nilikaza macho kana kwamba sauti inaonekana. Kijana akainua karatasi na kuanza kusoma.

“Huyo nani anasema?” wifi akauliza.

“Ngoja.”

“Kaka yangu yuko wapi?”

“Wifi, ngoja, anasoma maneno yake.”

Nilisikia nusu, na nusu nyingine niliipata baadaye, lakini maana yake ilikuwa hii. Mimi ni muuza misumari. Mke wangu hasomi Kiingereza, kwa hiyo jioni namsimulia vitabu vyako kwa lugha yetu. Nakuomba radhi, mama, mlinzi wako wa daraja nimemwoza. Nilimwonea huruma, na wewe ulimwacha peke yake. Nilimpa mke wa siku moja tu, ili amletee chakula, lakini mke wangu mimi alimpenda, kila jioni anamuuliza, na sasa yule mke ana maneno mengi kuliko mlinzi. Swali langu ni hili. Katika kitabu cha mwisho, unachoandika sasa, kama mto utarudi, huyo mke nimfanye nini?

Watu walicheka. Niliona vichwa vidogo kwenye vyumba vyao, nchi mbalimbali, vinacheka vizuri, si kwa ubaya. Mwandishi naye alicheka, akaweka kikombe chini, akajifuta jicho.

Mimi nilikuwa nimeketi mkekani. Miaka yote ile. Bakuli lililofunikwa na sahani, mwizi wa kivuli, maharage. Sikuhisi kwamba nimedanganywa. Nilihisi joto la uso, kama mtu aliyekuwa akiongea peke yake chumbani kumbe mlango uko wazi. Halafu nikawaza kwamba sasa sitajua tena mke yule anasema nini, kwa sababu hayumo kitabuni. Kabla ya hapo nilikuwa na tumaini, ambalo sikumwambia mtu, kwamba siku moja nitapata mwenye Kiingereza anisomee yaliyobaki.

“Wanacheka nini?” wifi akauliza.

Nikamwambia kwa maneno machache.

“Alimwoza mtu wa kitabuni?”

“Ndiyo.”

“Bila kumuuliza mwenyewe?”

“Ndiyo anamuuliza sasa.”

Mwandishi alifikiri kabla ya kujibu. Akasema hawezi kueleza kama mto utarudi, kwa sababu wachapishaji wake watamwua. Watu wakacheka tena. Kisha akasema, na hapo alisema polepole, kwamba huyo mke yeye hamjui. Hana haki naye na hawezi kumsaidia. Aliyempa uhai ndiye atakayemtunza. Akatazama moja kwa moja kwenye kamera, akatabasamu, akamwambia mume wangu kwa jina lake, akilitaja vizuri kuliko yule kijana, kwamba anamwamini atafanya vema, na akimaliza amwandikie amweleze alivyofanya, kwa sababu sasa yeye mwenyewe anataka kujua.

“Anasemaje?”

“Anamwambia amwandikie.”

“Nani aandike?”

Niliisogeza simu karibu.

“Waambie amekufa,” wifi akasema. “Wifi, waambie. Wasimchekee hivyo, hawajui. Waambie.”

Nilitafuta pa kubonyeza. Kuna alama ya kipaza sauti, nyekundu, imekatwa mstari. Niliibonyeza, ikakataa, walikuwa wamefunga vipaza sauti vyote. Kama ingefunguka, Kiingereza cha kusema hivyo ninacho. Ni maneno matatu na nilishayasema hospitali, nilipokwenda kuuchukua mwili. Ilipokataa nilishukuru, na sababu ya hilo siijui hadi leo.

Kijana alikwenda kwenye swali la mji mwingine. Tulikaa hadi mwisho. Wifi hakukubali tuzime, alisema labda wanaweka sauti mwishoni, labda wanasoma kwanza halafu wanaweka. Mwandishi akaaga, akapunga mkono, vichwa vikapotea kimoja kimoja, skrini ikawa nyeusi, na tukajiona wenyewe ndani ya kioo kilichopasuka.

Wifi akaenda kuvua mtandio. Alikaa huko muda. Aliporudi akafungua dirisha, kelele za barabara zikaingia, akasema tu kwamba wali umepoa.

Mkutubi alikuja asubuhi yake. Nilisikia viatu ngazini, nikajua ni yeye kwa kuwa alisimama kila baada ya ngazi kadhaa kupumua. Wifi alimfungulia mlango lakini hakumkaribisha mara moja. Mkutubi akapiga magoti mlangoni kusalimia, kama wanavyosalimia Waganda, na akabaki hivyo magotini.

“Nyabo, nimekosa.”

Alieleza. Wenye shughuli walibadili mpango siku za mwisho. Walisema sauti za nchi nyingine hazitoki vizuri, mwandishi ni mzee, hasikii, basi kila maktaba iandike maswali na mtu mmoja atayasoma. Yeye akasikiliza sauti moja moja na kuziandika. Simu ya maktaba ilikuwa imejaa, haipokei hata picha za matangazo. Alipomaliza kuandika alifuta zote ili simu ifanye kazi. Usiku, baada ya ile jioni, alikumbuka nilichomwomba. Alitafuta hadi akachoka. Alimpigia fundi wa simu, na fundi akamwambia zimekwenda.

“Mimi nilifikiri swali ndiyo kitu,” alisema. “Swali niliandika yote. Hata neno moja sikuacha.”

Wifi alikuwa amesimama nyuma yake na fagio mkononi. Nilifikiri atasema jambo baya, na pengine nilitaka aseme. Akasema, “Ingia ndani, usikae mlangoni kama mdai.”

Mkutubi akaingia, akaketi pembeni ya mkeka, akakataa chai, kisha akaipokea. Hakuwa mwanamke mbaya. Nilimtazama masikio, sijui kwa nini, alikuwa amevaa hereni ndogo za duara, na nikawaza kwamba hayo ndiyo masikio ya mwisho yaliyomsikia.

“Wewe ulimsikia,” nikamwambia.

“Nilimsikia, nyabo. Mara nyingi. Nilikuwa narudisha nyuma, naandika, narudisha.”

“Alisemaje?”

“Kama vile kijana alisoma.”

“Si maneno. Alisemaje.”

Hakuelewa, kisha akaelewa, akaona haya. Aliweka kikombe chini. Alisema kwamba alianza na bismillahi, taratibu, halafu akakohoa, akasema hallo, hallo, kama anapiga simu. Akasema alitaja jina lake na Mengo, na alipofika kwenye neno la mke wangu alicheka kidogo ndani ya pua. Mkutubi akajaribu kutoa kicheko hicho. Hakikuwa chenyewe.

“Hapana,” wifi akasema. “Yeye alikuwa anavuta. Hivi.” Akakitoa. Cha wifi kilikaribia sana, hata nikageukia mlango, na yeye mwenyewe akajiziba mdomo.

Mkutubi alingoja. Kisha akasema kulikuwa na kitu kingine mwishoni ambacho hakuandika, kwa sababu hakikuwa cha swali. Mzee alimaliza, akashukuru, na alidhani amezima simu. Hakuwa amezima. Akasema kwa Kiswahili.

“Alisema nini?”

“Alisema,” mkutubi akatazama mkeka, akaikaza sauti yake iwe nzito, si kwa mzaha, alijitahidi kwa kweli, “‘Haya, bi mkubwa, nimemaliza. Leta hiyo chai.’”

Wifi akageuka kuutazama ukuta.

Nilijaribu kuikumbuka jioni hiyo. Zilikuwa jioni nyingi za namna hiyo, yeye juu ya kreti, mimi nimempa mgongo, na kwa kuwa kila mara alizungumza na simu kwa Kiingereza na wateja, sikuwa nasikiliza, na sikumbuki ni ipi aliyorekodi. Sikumbuki kama nilimpelekea chai mara moja au nilimwambia asubiri. Nilitaka sana kujua hilo moja.

“Na mimi nilijibu nini?” nikamuuliza.

Mkutubi akafikiri. Nilimwona anarudisha nyuma, anasikiliza.

“Sijui, nyabo,” akasema. “Iliishia hapo.”